Bwawa ni Maji, Tuta ni Udongo

Katika sekta ya Kanama, wilaya ya Rubavu, Mto Sebeya umewekewa bwawa ambalo thamani yake imo katika nafasi tupu. Likikaa limejaa tangu kiangazi, mvua kubwa itakapokuja haitapata pa kuwekwa, nayo itapita juu kwa juu. Likikaa wazi mpaka masika, au itumba kama wanavyosema wenyeji, yale maji yanayoshuka kutoka vilima vya Rutsiro na Gishwati hupata mahali pa kupumzika kabla ya kuwafikia watu. Sasa nieleze, msomaji, wewe uliye mlinzi mwenzangu wa lugha hii: kitu kinachofaa kikiwa kitupu, kwa nini tukiite kwa jina la maji?

Maana bwawa ni maji. Kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni mahali palipotuama maji, dimbwi kubwa, hata kinamasi. Hoteli ya Bwawani kule Unguja ilipata jina lake kutokana na mahali ilipojengwa. Wahandisi wa kufunga mito walipokuja baadaye tuliwapa neno hilohilo, likabebeshwa vitu viwili kwa mpigo: maji yaliyozuiwa, na kile kinachoyazuia. Ukisema bwawa la Mtera limejaa, unasema habari za maji. Ukisema bwawa limepasuka, unasema habari za ukuta. Msikilizaji hutambua mwenyewe, na kwa bwawa la umeme lililo mbali na watu hakuna anayeumia.

Kwa tuta dogo la udongo lililokaa juu ya makazi, mkanganyiko huo una gharama, kwa sababu jina huelekeza macho. Aliyeambiwa aangalie bwawa ataangalia maji: yamepanda, yameshuka, yana rangi gani. Habari za tuta la udongo hazipatikani huko. Ziko mgongoni mwake, mbavuni, na zaidi ya kote ziko chini kabisa, upande ule mkavu usiovutia mtu kwenda kutembea.

Jirani yetu wa karibu amelipanga jambo hili vizuri zaidi. Kinyarwanda husema urugomero, kutoka kugomera, yaani kuyafunga maji yasipite. Jina limekaa juu ya kitendo na mtendaji, na maji yakaachiwa majina yao. Nawaomba wapenzi wa nasaba za maneno wasikimbilie kugoma kwetu, kule kwa wafanyakazi na wanafunzi: mlio unafanana, lakini sina hati ya kuzaliwa inayothibitisha kwamba hayo mawili ni ndugu. Hata hivyo picha yake inanipendeza, udongo uliogoma mbele ya mto. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na mgeni aliyepewa chumba ndani ya nyumba yafaa asikilize mwenye nyumba anavyoviita vyombo vyake.

Watanzania wana lambo, na neno hilo nalipenda. Malambo ya Usukuma ni mabwawa madogo ya udongo, ya kunyweshea ng'ombe, na ukubwa umo ndani ya neno lenyewe, kwani hakuna atakayeiita Mtera lambo. Lakini lilete Rubavu uone. Kinyarwanda kina umurambo, yaani maiti, na katika kinywa cha Mnyarwanda l na r hupishana bila kuombana radhi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilileta vifo vya watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Jimbo la Magharibi, na Sebeya ikapita Kanama, Nyundo na Rugerero ikibomoa nyumba za watu waliokuwa wamelala. Siwezi kupendekeza kwamba juu ya mto huo liwekwe neno linaloamsha maiti masikioni. Lambo libaki Shinyanga, na libarikiwe huko.

Kenya bara utasikia silanga, na mtaa wa Silanga kule Kibera umekaa jirani na Bwawa la Nairobi. Ng'ambo ya mpaka wetu, Goma, Kifaransa kimeacha baraji, ambalo ni bwawa na papo hapo ni kizuizi cha barabarani chenye askari na kamba. Na kama yupo aliyejiuliza kwa nini Kiswahili, kilichopokea pampu na simenti bila kinyongo, hakikulichukua neno la Kiingereza la kitu hiki, ajaribu kulitamka kwa irabu yetu ya mwisho. Damu. Tuendelee.

Neno ninalolitetea ni tuta. Ni la zamani, ni fupi, na kila mkulima analo. Kututa ni kukusanya udongo ukawa rundo. Tuta la viazi ni hilo, tuta la barabarani linalomfanya dereva wa pikipiki apunguze mwendo ni hilo, na kwa sababu ambayo wapenda soka wataieleza kuliko mimi, hata timu zilizotoka sare hupelekana kwenye matuta. Mtu akisikia tuta anaona udongo. Akisikia ukuta anaona mawe na saruji. Tofauti hiyo si ya urembo: ukuta wa zege na tuta la udongo havizeeki kwa njia moja wala haviharibiki kwa njia moja, na anayevilinda hatafuti dalili zilezile.

Lipo jingine linalonifurahisha zaidi. Wakulima wa milima ya Rubavu, Rutsiro na Nyabihu hukata miteremko yao kuwa matuta ya ngazi, ili mvua isishuke kwa kasi na isiondoke na udongo wa shamba. Chini bondeni mhandisi naye anajenga tuta, kwa sababu ileile na dhidi ya maji yaleyale. Kazi ya mlimani ikilegea, ya bondeni inajaa matope kabla ya wakati wake. Rangi ya kahawia ambayo Sebeya huingia nayo katika Ziwa Kivu ni udongo wa matuta yaliyokosekana huko juu. Serikali zina idara moja ya kilimo na nyingine ya maji. Kiswahili kilikwisha kuziunganisha kazi hizo mbili kwa jina moja, bila kikao wala posho.

Kwa hiyo mapatano yangu ni haya: bwawa liwe maji, tuta liwe udongo unaoyakinga, ukuta uwe wa zege au mawe. Aliyezoea kusema "bwawa" kwa vyote hatashtakiwa, lakini katika daftari la mwangalizi, katika mkataba na katika taarifa ya redio, kila kimoja kiitwe jina lake.

Nyaraka husema bwawa la kuzuia mafuriko. Zuia ni kitenzi kinachoahidi mno. Kule Derna, Libya, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 ili kuukinga mji na mafuriko yalikatika usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Septemba 2023, na maelfu ya watu wakafa. Tuta la namna hii halizuii mafuriko, linayachelewesha. Maji ambayo yangepita sokoni Mahoko kwa saa moja yanalazimishwa kupita kwa saa nyingi, kidogo kidogo, kupitia tundu lililopimwa, na mwishowe yote yanafika Kivu kama yalivyokusudia tangu mwanzo. Anayeishi chini ya kitu cha kuzuia hulala usingizi mzito. Anayeishi chini ya kitu cha kuchelewesha huuliza kinachelewesha kiasi gani, na swali hilo ndilo tunalotaka alizoee.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, kawia, kukaa muda kuliko ilivyotazamiwa, na chake cha kufanyiza, kawiza. Kama uguza ilivyotupa muuguzi, kawiza itupe kawizi. Tuta kawizi. Nimelitamka mbele ya watu wa rika mbalimbali. Wazee wanatabasamu, vijana wanauliza ni aina gani ya pikipiki. Sioni vibaya. Kizuizi, ambalo wengine wanalipendelea, linanipeleka kizuizini, kwa wafungwa wa siasa wasiofikishwa mahakamani, na maji ya Sebeya hayana kosa la kushikiliwa bila kesi.

Hayo mafuriko nayo yana jirani yake, gharika, na tunayatumia kana kwamba ni mapacha. Ndani ya furika mimi nasikia fura, kuvimba: ni habari ya mto wenyewe, umevimba, umepita kipimo chake. Kinyarwanda kinafikiri karibu na hapo, umwuzure, kutoka kuzura, kujaa. Gharika imetoka Uarabuni na shina lake ni kuzama. Mto hufurika hata pasipo mtu. Gharika inahitaji mzamaji. Kilichoonekana Nyundo Mei 2023 kilikuwa gharika, na mwandishi aliyeandika mafuriko aliandika habari za mto tu.

Waandishi haohao wametuletea usemi mwingine ambao ningependa kuuona ukirudishwa ulikotoka: mto umevunja kingo zake. Mto haukuvunja kitu. Ukingo wake uko palepale, umefunikwa tu, na maji yakishuka utauona tena. Furika ilikuwa inatosha, imekaa tayari ndani ya lugha, haina deni kwa mtu. Ubaya wa usemi huo ulionekana Mai Mahiu, Kenya, tarehe 29 Aprili 2024. Habari za kwanza zilisema bwawa limevunja kingo. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya tundu la kupitishia mto chini yake kuzibwa na takataka na magogo, hadi yakasukuma na kupita kwa nguvu moja. Tuta la reli lilikuwa limegeuka tuta la bwawa, likiwa halina jina hilo wala kazi hiyo. Kama tungekuwa na desturi ya kutofautisha tuta na bwawa, huenda mtu angeuliza mapema: tuta hili, siku likikusanya maji, litakuwa nini?

Je, tuta hupasuka? Puto hupasuka, na chungu. Mafundi wa vijijini husema tuta limekatika, kama barabara inavyokatika na daraja linavyokatika, na wako sahihi kuliko magazeti. Maji yakipanda mgongo wa tuta la udongo huanza na mfereji mwembamba, unachimba, unapanuka, ubavu unameguka pande kwa pande, mpaka palipokuwa na tuta pana pengo. Kuna muda ndani yake, dakika kadhaa, pengine saa. Pasuka humwambia mtu wa bondeni kwamba hakuna la kufanya. Katika na meguka humwambia akimbie sasa hivi.

Sasa nifike kwenye neno ninalolionea wivu kwa kuwa sikulibuni mimi. Njia ya kando ambayo maji ya ziada hupitia ili yasipande juu ya tuta, mafundi wa Tanzania huiita utoro. Utoro wa maji. Sijui fundi gani alilianza, wala sijali, alikuwa mshairi. Mtoro ni aliyeondoka bila ruhusa: mwanafunzi aliyeruka uzio, mtumwa aliyekimbia shamba la pwani akaenda kuanzisha kijiji chake msituni. Neno lina kosa na lina uhuru pamoja.

Wenye kupenda unadhifu wananiambia halifai, kwa sababu utoro ni jambo la kulaumiwa, na hii ni njia halali iliyochorwa na mhandisi. Wanapendekeza "njia ya kutolea maji ya ziada". Maneno sita, na hayana damu, ukiniruhusu kulirudia neno hilo. Nawajibu hivi. Mhandisi aliyechora utoro alikubali jambo zito: kwamba siku moja itakuja mvua ambayo tuta lake haliwezi kuiamuru. Hakuchora ruhusa. Alichora mahali ambapo kutoroka hakutaua mtu. Na aliyelisikia neno utoro hatalima mahindi humo, hataweka zizi la mbuzi, hatatupa matawi ya mikaratusi, kwa sababu anajua atakayepita hapo atapita mbio na hatapiga hodi.

Utoro ukizibwa, tuta zima linageuka utoro. Hilo naliandika kwa makusudi kama kanuni ya matumizi ya neno, ili kamusi itakayolipokea isiliache bila mfano wa sentensi.

Viungo vya tuta havijapata majina yanayokubalika kote, na hapa naona tunajisumbua bure, kwani mwili wa binadamu uko tayari. Upande unaotazama maji uwe uso. Upande mkavu uwe kisogo. Juu, pale mwangalizi anapotembea, ni mgongo, na wengi hulisema hivyo tayari. Chini kabisa ya kisogo, ambapo udongo wa tuta unakutana na ardhi ya asili, ni wayo. Na pale tuta linapoungana na kilima, kushoto na kulia, kuna kona ambayo Waingereza wameipa jina la kinena. Mimi nasema kwapa. Heshima yake ni kubwa zaidi mbele ya wakwe, halafu lina ukweli wa kazi: kwapa la tuta ndipo jasho linapopenda kutokea.

Jasho ni istilahi, sitanii. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, kwani udongo si chuma. Swali ni kiasi gani, wapi na ya rangi gani, nasi tuna ngazi nzima ya vitenzi inayojibu. Kisogo kinaweza kutoa jasho, yaani unyevu tu, majani ya kijani pale ambapo mengine yamekauka. Kinaweza kutona. Kinaweza kuchuruzika, na hapo maji yameshapata njia. Yakibubujika kutoka ardhini karibu na wayo, kama chemchemi, ni habari ya kupiga simu. Fomu nyingi nilizoziona zina neno moja tu, kuvuja, na mraba wa kutia alama ya ndiyo au hapana. Mwangalizi mwenye vitenzi vinne mkononi anapewa karatasi yenye kimoja, kisha tunalalamika kwamba taarifa zake hazina maana.

Rangi nayo. Maji yanayotoka maangavu huwa yanapita baina ya chembe za udongo bila kuzisumbua. Yakitoka na tope yanatoka na tuta. Bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani, lilikuwa jipya, linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 mafundi waliona maji ya tope yakitoka ubavuni. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Napendekeza mvujo mwangavu na mvujo wa tope, viandikwe kwa safu mbili katika daftari, visichanganywe kamwe katika neno moja.

Hapa ndipo methali yetu inayopendwa kuliko zote, ile ya ufa na ukuta, inapohitaji tahadhari. Ilitungwa na watu wa nyumba za udongo na miti, na kwao kuziba ni kuponya. Mtu wa Rubavu akiona maji yanabubujika chini ya tuta, methali itamtuma alete udongo wa mfinyanzi na mawe azibe tundu. Asizibe. Maji yaliyozibiwa njia ya kutokea hayarudi bwawani; yanajikusanya ndani, yanasukuma, yanatafuta tundu jingine ambalo hakuna anayeliona. Wanaojua hutandika mchanga, juu yake kokoto ndogo, juu yake kubwa zaidi, ili maji yatoke na udongo ubaki. Kitenzi cha kazi hiyo ni chuja, na hilo tandiko ni chujio, jina lilelile la chombo cha chai jikoni. Ziba ni kitenzi cha ukuta. Chuja ni kitenzi cha tuta. Katika mafunzo yoyote ya waangalizi ningeanza na vitenzi hivyo viwili kabla ya kumpa mtu buti.

Maji yanayoondoka na udongo kutoka ndani ya tuta hufanya nini? Wahandisi husema mmomonyoko wa ndani. Momonyoa ni kitenzi kizuri, ukisikiliza vizuri unasikia vipande vikidondoka, lakini tumekizoea kwa miteremko na fukwe, mambo ya nje yanayoonekana. Hili la ndani ni la siri. Linaanzia kwenye wayo na kurudi nyuma kuelekea maji, likichimba kijishimo kirefu. Ningeliita ufukuzi, kutoka fukua, ambayo ni kuchimba na kutoa kilichomo. Na fukua inanipeleka kwa fuko.

Fuko ni yule mnyama mdogo anayechimba chini ya mashamba. Kinyarwanda kinamwita ifuku, na hapa sihitaji hati ya kuzaliwa, udugu unajionyesha. Kwa mwangalizi wa tuta ni adui wa kweli, kwani shimo lake ni njia iliyoandaliwa tayari kwa maji. Wasomaji wa tafsiri za Kurani wameshakutana na habari hii katika Surat Saba, kwenye gharika ya Arim iliyowaondolea watu wa Saba bustani zao. Wafasiri wa kale walitofautiana juu ya neno lenyewe: wapo waliosema arim ni boma la maji, wapo waliosema ni jina la bonde, wapo waliosema ni maji mengi, na wapo waliosema ni panya, kwani masimulizi yanadai kwamba panya ndiye aliyetoboa boma la Marib, nalo lilikuwa la udongo. Neno moja limebeba tuta, maji na mnyama aliyeliangamiza. Mkutano wowote wa usalama wa mabwawa ungefurahi kuwa na ajenda fupi hivyo.

Tuta jipya hushuka kidogo, na hilo ni la kawaida. Kushuka kwake kote kwa pamoja tukuite kutitia, kama ardhi laini inavyotitia. Lakini mahali pamoja pakitumbukia, hata kwa upana wa sinia, hapo pamebonyea, na kubonyea kunamaanisha kwamba chini yake kuna kitu kimeondoka. Titia na bonyea visiandikwe "limeshuka".

Kuna usalama pia, neno tuliloliita kufanya kila kazi. Usalama wa bwawa: msikilizaji wa kwanza atafikiria walinzi wenye bunduki, na Kinyarwanda hakisaidii, kwani umutekano nao umevaa sare. Isitoshe limefunika maswali mawili. Je, tuta lenyewe ni zima? Je, watu wa chini wako salama? Tuta laweza kuwa zima kabisa na watu wakafa kwa maji yaliyotoka utoroni. Laweza kuwa bovu na lisimuue mtu kwa sababu chini yake hakuna anayeishi. Nataka la kwanza liwe uzima wa tuta, kutoka -zima, lisilopungua kitu. La pili libaki usalama, na liwe la watu.

Wataalamu hupanga mabwawa kwa madhara yatakayotokea yakikatika, bila kujali uimara wake, na wanaotafsiri huandika "bwawa la hatari kubwa". Mwenyekiti wa kijiji akisoma hivyo atadhani linakaribia kuvunjika. Tuna neno zuri zaidi: dhima, lile la mahakamani na la waumini, mzigo wa wajibu ambao mtu atauliziwa. Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lililokatika tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu wasiopungua 47, lilikuwa shambani kwa mtu. Neno hatari lingelisema bwawa. Dhima ingemsema mwenyewe pia. Tuseme bwawa la dhima kubwa, bwawa la dhima ndogo.

Kazi ya kila siku imepewa ufuatiliaji, neno la miradi, ambalo halitengani na tathmini. Kufuatilia ni kwenda nyuma ya kitu kilichokwisha kutangulia, na anayekwenda nyuma ya maji hafiki. Sitaki kulifukuza, nataka kuligawia kazi. Uangalizi uwe wa mkazi anayepita juu ya tuta na daftari, macho yake na miguu yake. Ukaguzi uwe wa mhandisi anayekuja na barua na kuondoka na ripoti. Ufuatiliaji uwe wa tarakimu: kina cha maji, kiasi cha mvujo, shinikizo linalosomwa katika pizomita, zikipangwa mwezi kwa mwezi zionyeshe zinaelekea wapi. Pizomita yenyewe ibaki ilivyo. Nimesikia watu wakiitafutia jina la Kibantu. Bomba jembamba lililozikwa ndani ya tuta, linaloonyesha maji yamepanda wapi huko ndani, halijawahi kulalamika.

Kisha onyo. Sarufi yake inanivutia, kwani onya ni ona iliyofanyizwa, kama ponya ilivyo kwa pona: kumwonya mtu, kwa asili, ni kumfanya aone. Sebeya ya Mei 2023 ilikuja usiku, watu wamelala, na aliyelala haoni. Ndiyo maana silipingi neno king'ora, ambalo linasema na masikio, na ningependa tahadhari liachwe kwa taarifa za mchana za utabiri wa mvua. Tahadhari ikuandae mapema. Onyo likuambie toka. King'ora kikuamshe ili uweze kuonywa. Taarifa nyingi huziita zote tatu tahadhari, na mtu wa Rugerero anaambiwa ajitahadhari wakati anatakiwa awe tayari yuko kilimani.

Limebaki moja ambalo limenishinda: ule urefu wa tuta unaoachwa mtupu juu ya kimo cha juu kabisa cha maji, ili mawimbi na makosa ya hesabu yapate pa kuishia. Mabaharia wana kitu kama hicho ubavuni mwa jahazi. Akiba ya kimo ni sahihi, lakini inasikika kama benki. Kingo tupu imeshaharibiwa na wavunja kingo. Kuna mfuto, kipimo kilichojazwa sawasawa na mdomo wa pishi, na mtu anaweza kusema maji yasifike mfutoni. Lakini hilo linataja mahali pa kikomo, halitaji nafasi iliyo chini yake. Wavuvi wa Kivu huenda wanalo neno la ubavu wa mtumbwi unaobaki juu ya maji wakishapakia sambaza. Aliye karibu na mwalo wa Rubona awaulize, aandike kama wanavyolitamka.